Vikundi vinne vya bustani Dar: anzeni na kalenda ya kusia

Ndugu, umeuliza vikundi vyenu vinne vianze vipi kushirikiana. Anzeni na kalenda, mfuko wa pamoja usubiri. Mchicha wa kung'oa huwa tayari wiki 3 hadi 4. Mkisia wote wiki moja, mafungu yatafurika gengeni na bei itaanguka. Kila kikundi kisie wiki yake, kwa zamu.

Mbegu ndiyo kazi kubwa. Kikundi kimoja kiache mashina 20 yaliyochelewa kuchanua, mbali na mchicha pori, maana chavua ikichanganyika mtavuna mchicha wa majani madogo unaowahi kutoa maua. Kausheni masuke kivulini, pukuteni, pepeteni, hifadhini kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Unyevu ukibaki, mbegu hazioti.

Samadi mbichi msigawiane kabisa, huunguza miche.