Wasomaji wanauliza: Baht 800,000 zikae wapi, na kwa muda gani?

Swali: Nina miaka 58 na nataka kustaafia Thailand. Kila ninayemuuliza ananijibu, "Weka baht 800,000 benki, basi." Ni hilo tu?

Jibu: Kiasi ni hicho, na umri unaotakiwa ni kuanzia miaka 50, kwa hiyo huko umepita. Ila wanaokwama hawakwami kwenye kiasi, wanakwama kwenye tarehe.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. Viza ndiyo inayokuingiza nchini. Kinachokuweka mwaka mzima ni nyongeza ya muda wa kukaa, ambayo huombwa kwa fomu TM.7 kwenye ofisi ya uhamiaji ya eneo unaloishi, kwa ada ya baht 1,900. Anayeingia kwa viza ya O (Non-Immigrant O, mojawapo ya viza wanazotumia wastaafu) hupewa siku 90, na ombi la mwaka hupokelewa katika siku 30 za mwisho. Siku hiyo ya kuomba, pesa ziwe zimeshalala kwenye benki ya Thailand kwa miezi miwili, katika akaunti yenye jina lako peke yako. Piga hesabu: siku 90 ukitoa miezi miwili zinabaki kama 29. Akaunti ikifunguliwa siku ya 40, umeshachelewa, hata ukiweka milioni mbili. Na benki nyingine humzungusha mgeni kwa wiki nzima zikidai uthibitisho wa makazi, kwa hiyo anza nalo mara tu ukishapata pa kuishi.

Ukishapewa mwaka, usiziguse bado. Baht 800,000 hubaki kamili kwa miezi mitatu baada ya kibali. Kuanzia hapo unaweza kushuka hadi 400,000, usipite chini hata kwa siku moja, kisha uzirudishe zote miezi miwili kabla ya ombi linalofuata. Tuseme kibali chako kinaisha Agosti 20 na unaomba Agosti 1. Pesa ziwe zimetimia kabla ya Juni 1, na tungekushauri uziache hadi mwisho wa Novemba, ili usianze kubishana na ofisa kama miezi mitatu ilianza siku ya muhuri au siku kibali kipya kilipoanza. Kuomba mapema hakukupunguzii siku, maana mwaka mpya huanza pale wa zamani unapoishia.

Kwa maneno mengine, baht 400,000 kati ya hizo si za matumizi kabisa. Kama ndiyo akiba yako ya matibabu, tafuta akiba nyingine.

Swali: Sina fungu kubwa, ila pensheni yangu inafika baht 40,000 kwa mwezi. Nimeshindwa?

Jibu: Hujashindwa. Njia ya pili ni kipato cha baht 65,000 kila mwezi, na ya tatu ni kuchanganya. Chako ni 40,000 mara 12, yaani 480,000. Ukiongeza amana ya 320,000 unafika 800,000. Lakini uliza kwanza kwenye ofisi yako, kwani zipo zinazoipokea njia hii shingo upande.

Anayetegemea kipato atazame jinsi pesa zinavyoonekana kwenye kitabu cha benki. Kila mwezi paonekane kwamba zimetoka nje ya nchi. Baadhi ya huduma za kutuma pesa hulipa kupitia akaunti iliyoko humohumo Thailand, na muamala ukasomeka kama wa ndani. Ofisa hatauhesabu, hata kama pensheni ni halali kabisa. Omba benki ikupe barua inayothibitisha chanzo cha kila muamala. Usitegemee barua ya kipato kutoka ubalozini bila kuuliza. Balozi za Marekani, Uingereza na Australia ziliacha kuitoa.

Swali: Nilirudishwa dirishani kwa sababu kitabu changu cha benki "kimepitwa na wakati", na pesa zote zilikuwemo!

Jibu: Mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe ya zamani. Ofisa anataka kuona salio la siku ileile. Asubuhi kabla ya kwenda, weka au toa baht 100 na uchapishe kitabu, mstari mpya utokee na tarehe ya leo. Hapohapo chukua barua ya benki ya kuthibitisha salio. Kisha toa nakala ya kurasa zote, pamoja na huo mstari wa baht 100, na utie sahihi kila nakala.

Swali: Viza ya O na ile ya O-A zina tofauti gani?

Jibu: O-A huombwa ukiwa bado kwenu, na pesa zinaweza kukaa benki ya kwenu. Inadai cheti cha polisi, cheti cha daktari kwamba huna ukoma, kifua kikuu, matende, kaswende ya hatua ya tatu wala uraibu wa dawa za kulevya, na bima ya afya ya baht milioni 3. Bima hiyo hukufuata hata wakati wa kuongeza muda. Kwa mtu wa miaka 70 na zaidi ndiyo mzigo mkubwa, na ndiyo sababu wengi wa umri huo huchagua O, ambayo haidai bima kwenye nyongeza. Zote mbili hazikuruhusu kufanya kazi.

Swali: Nimeshapata mwaka wangu. Kuna kingine?

Jibu: Vitatu. Kila siku 90 za kukaa mfululizo, toa taarifa ya makazi kwa fomu TM.47, kuanzia siku 15 kabla hadi siku 7 baada ya tarehe. Ukichelewa faini ni baht 2,000. Mwenye nyumba naye anatakiwa kukuandikisha kwa TM.30 ndani ya saa 24 tangu ufike, na asipofanya, ombi lako ndilo linalokwama dirishani.

Cha tatu ndicho kibaya zaidi. Ukitoka nje ya nchi bila kibali cha kurejea, mwaka wako unakufa pale mpakani, ukaanza upya na viza, miezi miwili ya pesa na yote yale. Kibali cha safari moja ni baht 1,000, cha safari nyingi ni 3,800. Hupatikana uhamiaji, na hata uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi kabla ya kugongewa muhuri wa kutoka.