Kabla hujalipa ada ya kozi ya kompyuta Lubumbashi

Vijana wengi wananiuliza wasome nini ili wapate kazi ya kuhudumia kompyuta katika ofisi, shule, hospitali au kampuni za migodi. Baadhi yao wameshalipa ada ya kozi ya Word na Excel, wana cheti chenye muhuri, na bado mashini ikikataa kuwaka wanabaki kuitazama. Mimi naifanya kazi hii hapa Lubumbashi, na ninachoomba mkishike ni hiki: anayelipwa ni yule anayejua kutafuta chanzo cha tatizo. Kozi isiyokufundisha hilo, usiitolee hata faranga.

Kazi yenyewe imegeuka sana. Enzi za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, fundi alikuwa mtu wa bisibisi. Mteja analeta sanduku limejaa vumbi jekundu la msimu wa kiangazi, unapuliza, unachomoa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), unaifuta, unairudisha, inawaka. Virusi vilisafiri na flashi kutoka kibanda kimoja cha kuchapa na kutoa fotokopi hadi kingine, na dawa ya kila kitu ilikuwa kuformati, yaani kufuta diski yote na kuanza upya. Sasa kompyuta nyingi za mkononi zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, diski ni SSD isiyo na kitu kinachozunguka, na faili za ofisi zinakaa kwenye seva za mbali, yaani kompyuta kubwa zinazofikiwa kwa intaneti. Mteja akisema mashini imekufa, mara nyingi mashini ni nzima. Kilichokwama ni mtandao, akaunti au leseni. Ukiformati hapo umempotezea data zake na tatizo liko palepale.

Chukua tatizo tunaloletewa mara kwa mara. Mama wa ofisini anasema, "Intaneti kwenye simu inakubali, lakini kompyuta inaniambia kila tovuti si salama." Fundi mwenye haraka atasema virusi. Wewe tazama kwanza saa iliyo pembeni mwa skrini. Kama tarehe imerudi miaka mingi nyuma, umeshapata pa kuanzia. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kibetri cha mviringo, mara nyingi CR2032 cha volti 3, kinachotunza saa wakati umeme haupo. Kikichoka, kila umeme ukikatika saa inapotea, na sisi tunajua umeme unavyokatika. Tovuti salama zinatambulika kwa vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayodhani iko miaka kumi nyuma inaona vyeti hivyo havijaanza kutumika, basi inavikataa vyote. Badilisha kibetri, rekebisha tarehe, mama arudi kazini.

Au papa mmoja paswedi yake imekataliwa asubuhi, anaapa hajaibadilisha. Anasema kweli. Sisi tumezoea kibodi ya Kifaransa, AZERTY, lakini mashini nyingi zinatufikia kutoka nje zikiwa na QWERTY, mpangilio wa Kiingereza. Mpangilio ukigeuka, anabonyeza A inaandikwa Q, anabonyeza Z inaandikwa W. Mwambie aandike herufi hizo mahali zinapoonekana, kisha angalia alama ya lugha kwenye skrini ya kuingilia. Usimcheke, wala usimwambie akutajie paswedi yake.

Kwenye mtandao, shika utaratibu. Uliza kwanza: ni mashini moja au zote? Kisha fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta, kifaa kinachogawa intaneti ofisini. Usihangaike na kivinjari, nenda kwenye kebo, swichi au Wi-Fi. Anwani ikiwa sawa, piga ping (amri ya kuuliza kifaa kama kinajibu) kwa ruta, halafu kwa 8.8.8.8, anwani ya Google kwenye intaneti, mwisho kwa jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likigoma, tafuta upande wa DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Hatua hizi chache, ukizielewa kweli, zitakusaidia kwenye usaili kuliko cheti cha Word.

Wapi pa kujifunzia? Mwenye uwezo aende UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) au Salama, chuo cha informatiki cha hapa, diploma inafungua milango na sitamdanganya mtu kwamba haina maana. Asiye na uwezo aanze na Cisco Networking Academy, mafunzo ya kampuni ya vifaa vya mtandao ya Cisco, ambayo ipo tangu 1997: ina kozi za mwanzo za bure kwenye intaneti, pamoja na Packet Tracer, programu ya kujengea mitandao ya mazoezi bila kununua kifaa chochote. Cheti cha CompTIA A+, cha kimataifa cha mafundi wa kompyuta wanaoanza, kinaheshimika. Kina mitihani miwili, kinadumu miaka 3, na mitihani hiyo ni ghali kwa mfuko wa kijana wa hapa. Ushauri wangu ni upakue orodha yake ya mada, ambayo ni bure, uisome yote, na ada uilipe pale mwajiri anapokitaka. Kiingereza nacho usikikwepe, kwa sababu migodini utakikuta.

Kuna kazi nyingine iliyo wazi sasa hivi. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (kichipu cha usalama) na prosesa zisizo za zamani sana. Ofisi nyingi za hapa zina mashini za mtumba zisizofikia hapo. Anayeweza kumkalisha bosi chini akamwonyesha ipi inapanda hadi Windows 11, ipi inafaa kuwekewa Linux (mfumo wa bure badala ya Windows), ipi imefika mwisho, huyo hatakosa kazi. Kumwekea mteja Windows 11 kwa njia za uchochoro bila kumweleza ni kumkosea.

Ukiomba staji, yaani mafunzo kazini, njoo na daftari. Kila tatizo uliandikie dalili, ulichopima, chanzo na ulichofanya. Mimi nalisoma hilo kabla ya cheti. Kama huna mashini ya kufanyia mazoezi, tafuta iliyoharibika inayouzwa kwa bei ya vipuri, na uulize ilikufaje kabla ya kulipa: iliyoanguka ina nafuu, iliyomwagikiwa maji iache.