Imperial Express siku ya kwanza? Lala kwanza, mkuu

Mkuu, umeuliza kama unaweza kutua Denver Ijumaa usiku, na Jumamosi asubuhi uwe juu ya Imperial Express, lifti ya viti ya kwenye mlima wa ski pale Breckenridge, Colorado, kwa kuwa una misimu miwili ya ski. Miguu yako sina wasiwasi nayo. Nina wasiwasi na pumzi.

Lifti ile inakushusha kwenye mita 3,914. Wewe ni mtu wa Moshi: kambi ya Horombo kule Kilimanjaro iko 3,720, na hakuna mpagazi atakayekufikisha pale kabla hujalala Mandara, kambi ya chini yake. Huku unakalishwa kwenye kiti, unapandishwa bila hata kutoa jasho, mwili haujajua umefika wapi. Oksijeni unayovuta kule haifiki theluthi mbili ya ile ya Dar.

Mimi nilikuja hivyohivyo, kutoka Houston, mji wa chini kama Dar, nikapanda kesho yake. Kona ya tatu tu nikaanguka, nikaserereka, ski moja ikabaki juu. Kuifuata nilikwenda hatua nne nasimama, hatua nne nasimama, moyo unapiga hadi masikioni. Nilipoifikia haikujifunga kwenye buti. Nikakanyaga, nikakanyaga. Theluji ilikuwa imegandamana chini ya buti, na ilinichukua muda mrefu kukumbuka kuikwangua, jambo ninalolifanya kila siku bila kufikiri. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Usiku nilitapika.

Kwa hiyo lala Denver usiku mmoja, mita 1,609, kisha Breckenridge yenyewe, ambayo tayari iko juu ya 2,900. Siku ya kwanza baki miteremko ya chini, kunywa maji, pombe iache. Kichwa kikiuma na ukaanza kutapika au kuyumba, shuka; usingoje kuche.

Ukifika juu, mteremko utakufanya uegemee mlima. Ukiegemea tu, ski zinakuponyoka. Sukuma muundi mbele ya buti, uzito uweke kwenye ski ya bondeni, mabega yatazame chini. Piga kona tano, simama pembeni, pumua mpaka uweze kusema sentensi nzima, ndipo uendelee.

Upepo ukiwa mkali wanaifunga lifti, usinung'unike. Na Lake Chutes, ile miteremko ya huko juu yenye almasi mbili nyeusi, yaani alama ya miteremko migumu kabisa, ziache mwaka huu. Mimi niliingia msimu wangu wa tano, nikiwa na mwenzangu anayezijua.