Kreni inayojizungusha usiku bila mtu ndani: si kazi ya majini

Ndugu uliyeuliza kuhusu kreni ya mjengo ulio nyuma ya ploti yenu hapa Kisumu, kwamba saa nane usiku uliona mkono wake ukigeuka na kebini ni giza tupu: lala. Ingekataa kugeuka, hapo ungekuwa na haki ya kuogopa.

Nimefunga mizigo chini ya kreni hizo miaka sita, Kisumu na baadaye Nakuru. Miguu yake imezikwa ndani ya bonge la zege lililosukwa vyuma. Juu yake kuna mlingoti, kipande juu ya kipande, umekazwa kwa bolti nene. Jengo likirefuka, fremu yenye jeki ya haidroli huinua kichwa kizima, kipande kipya kikaingizwa katikati. Siku hiyo hakuna anayepiga porojo.

Jibu lako liko kichwani. Hapo pana beringi kubwa ya duara yenye meno, na mota za kuizungusha. Kila kilicho juu yake huzunguka. Mbele ni mkono mrefu, ambako troli, yaani kigari kidogo, hukimbia na ndoano. Nyuma ni mkono mfupi wenye mota ya kuinulia na mawe ya zege ya kusawazisha. Upepo huukamata zaidi ule mrefu. Kwa hiyo opereta akimaliza kazi hupandisha ndoano, huvuta troli karibu na mlingoti, kisha huachilia breki ya kuzungukia. Upepo ukija, mkono unaufuata, kama mashua iliyotia nanga pale ufukwe wa Dunga. Ukiacha breki imefungwa, dhoruba ya ziwani ikaupiga mkono ubavuni, nguvu yote inaumiza mlingoti na zile bolti.

Aliyejibu kabla yangu amesema mawe ya nyuma ndiyo yanayozuia kreni isianguke. Ni kweli nusu. Mawe hayaongezeki mzigo unapoongezeka. Kinachoamua ni uzito mara umbali kutoka mlingotini: tani 1.5 kwenye mita 50 ni sawa na tani 3 kwenye mita 25. Kreni moja niliyofanyia kazi, ncha ya mkono ilikuwa mwisho tani 1.5. Alasiri moja msimamizi akataka ndoo ya zege ipelekwe hadi nguzo ya mwisho kabisa. Mita moja ya ujazo ya zege mbichi ni kama tani 2.4, ndoo yenyewe hujaihesabu. Troli ikatembea, ikafika katikati, king'ora kikalia, ikagoma. Kumbe swichi ya kinga, ile inayozuia mzigo kupita kiasi, imehesabu vizuri kuliko sisi. Msimamizi akaniambia kwenye redio nimwambie opereta "aifunge hiyo kelele". Opereta akajibu, "Omera (yaani ndugu yangu), panda wewe," akairudisha ndoo chini. Tukamwaga nusu, tukapeleka mara mbili. Dakika ishirini zilipotea, na matusi kiasi.

Basi usiku wa upepo, mkono ukizunguka mtupu na ndoano iko juu, geukia ukuta ulale. Lakini ukiona mzigo umeachwa ukining'inia, nenda langoni ukamwamshe askari.