Bunduki ya shabaha kwa anayekaa pwani

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mkaazi wa Makunduchi. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea shemeji yangu Marekani, akanipeleka uwanja wa shabaha, nikapiga risasi kama mia kwa bunduki ndogo ya kaliba .22 (kipimo cha upana wa mtutu) inayojijaza yenyewe. Tangu nirudi sina hamu ya mchezo mwengine. Nataka na mimi niwe na yangu ya kujifurahisha mwisho wa wiki, isiwe ghali na isiwe ya kunisumbua. Shemeji amenitajia tatu: Ruger 10/22, Marlin 60 na Savage 64. Ipi nichukue? Nyumba yangu iko hatua chache na bahari, sasa kutu je? Na nikishapata kibali, naweza kupanga vifuu pwani maji yakitoka nikalenga kuelekea baharini, maana huko hakuna nyumba?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililonitia hofu. Hapana. Usipige kuelekea baharini hata siku moja, kibali uwe nacho usiwe nacho.

Wewe ni mtu wa Makunduchi, unajua bamvua likitoka pwani inavyojaa watu. Kina mama wako kwenye mwani, wengine wanachokoa pweza, watoto wanaokota chaza, na ngalawa ziko kando ya mwamba. Risasi ya .22 ni kijipande cha madini cha gramu 2.6 hivi, na watu huidharau kwa udogo wake. Lakini pakiti nyingi za Marekani huandikwa onyo kwamba inaweza kufika maili moja na nusu, yaani kama kilomita 2.4. Zaidi ya hapo, ikigusa maji kwa pembe ndogo haizami, inaruka kama gae analolirusha mtoto juu ya maji, na hakuna anayejua itatua wapi. Kugeukia bara nako hakusaidii, kwani upande wenu ni maweni. Risasi ikipiga jiwe la matumbawe inageuka njia, au inapasuka vipande vinavyomrudia mpigaji. Nyuma ya shabaha panatakiwa tuta nene la udongo au mchanga usio na mawe, refu kuliko kimo cha mtu, katika uwanja ambao wenye mamlaka wameukubali. Kama uwanja huo huna, basi bunduki bado huihitaji.

Jengine kabla hatujafika kwenye majina: nenda polisi kabla hujatuma hata shilingi. Waulize wazi kama bunduki inayojijaza yenyewe inakubalika kwa raia anayetaka kulenga shabaha, ni kaliba gani, na risasi zake utazinunua wapi kihalali. Wakisema hapana, yaishie hapo. Na mwambie shemeji asithubutu kuiweka kwenye begi la safari, hata ikiwa imefunguliwa vipande. Kuitoa silaha Marekani kuna sheria zake, kuiingiza kwetu kuna zake, na jela haiangalii kwamba ulitaka kupiga vifuu tu.

Sasa bunduki zenyewe. Zote tatu zinafanya kazi kwa njia moja. Ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja. Nguvu ya baruti inalisukuma ganda nyuma, ganda linaisukuma bolti, yaani kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, bolti inalitupa ganda nje, springi inairudisha mbele ikiwa imebeba risasi nyengine. Bolti haina kufuli, inazuiwa na uzito wake na springi tu. Ndiyo maana ni nyepesi kutengeneza na bei yake nafuu. Na ndiyo maana zinachagua risasi: ukizipa risasi dhaifu, zile za mwendo ulio chini ya mwendo wa sauti, mara nyingi bolti hairudi nyuma vya kutosha na ganda linabanwa mlangoni. Mtu analaumu bunduki, kumbe kosa liko kwenye pakiti. Zinataka risasi za mwendo mkali wa kawaida, na kila bunduki ina aina inayoipenda. Jaribu aina mbili tatu, ukiiona inayopita mia bila kukwama, shikamana nayo.

Mimi ningechukua Ruger 10/22. Imekuwa ikitengenezwa tangu 1964, vipuri vyake ni vingi kuliko vya bunduki yoyote ya aina hii, na fundi yeyote anayejua kushika bisibisi anaifungua. Uzuri wake mkubwa uko kwenye magazini, yaani kile kikasha cha risasi: ni ya kuzunguka, inabeba risasi kumi, inakaa ndani ya mwili wa bunduki bila kuning'inia. Katika bunduki hizi ndogo, magazini mbovu ndiyo mama wa matatizo, na hii ni imara. Ila ina tabia moja lazima uijue: risasi ya mwisho ikitoka, bolti inajifunga tena kama kawaida. Ukiitazama kwa nje huwezi kujua kama ni tupu. Toa magazini, vuta bolti, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kisha tia ncha ya kidole uhakikishe. Fanya hivyo kila unapoipokea na kila unapoiweka, hata kama umeiweka mwenyewe dakika moja iliyopita.

Savage 64 kwa kawaida ni nafuu zaidi, inalenga vizuri, na kwa anayebana matumizi haina aibu. Udhaifu wake ni kwamba vipuri na magazini za ziada si rahisi kupata kama za Ruger, na kwetu sisi wa visiwani kipuri kimoja kikikosekana, bunduki inakuwa pambo. Marlin 60, ya tangu 1960, nimeishika na naipenda kwa usahihi wake. Lakini risasi zake hukaa kwenye bomba refu chini ya mtutu. Bomba hilo linakusanya uchafu, na risasi moja inaweza kujificha humo wakati wewe unadhani umemaliza kuzitoa. Kwa mtu anayeanza, siitaki.

Na kwa kuwa umeniuliza kwa moyo mweupe, nami nikwambie kwa moyo mweupe. Ungekuwa mwanangu wa kumzaa, ningekuanzisha na bunduki ya bolti ya kuvuta kwa mkono, kaliba ile ile .22. Inayojijaza yenyewe inakula risasi kumi kabla hujapumua, na kwetu gharama iko kwenye risasi. Ya mkono inakulazimisha utulie, uvute pumzi, ulenge. Tena inakubali risasi dhaifu na kali bila kulalamika.

Kutu sasa. Hapa ndipo wengi wanaponunua vibaya, kwa sababu wanasoma ushauri wa watu wa nchi kavu. Chuma cheusi kilichotiwa rangi ya bunduki kinapendeza, lakini ile rangi yenyewe ni kinga nyembamba sana, na hewa ya chumvi inaipita. Tafuta ya chuma kisichoshika kutu, yenye kitako cha plastiki ngumu. Mbao hunyonya unyevu wakati wa masika na kupinda. Na hata hicho kisichoshika kutu, kwetu kinashika, ila taratibu zaidi. Springi na skrubu za ndani mara nyingi ni chuma cha kawaida.

Usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi wala wa sponji. Mimi niliwahi kuacha bunduki kwenye mfuko wa ngozi masika nzima, nikaja kuitoa ina vishimo vya kutu ubavuni ambavyo havikutoka tena. Iweke wazi ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na risasi zifungiwe mahali pengine. Kila baada ya kuishika, ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, kwani jasho la mkono nalo ni chumvi. Mafuta ya cherehani yanafaa ukikosa ya bunduki. Ya nazi usitie kabisa: yanaganda usiku wa kipupwe, yanakuwa gundi, na bolti inashindwa kurudi. Ukitoka kulenga, nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika chakula, maana risasi hizi zina madini ya sumu.

Mwisho, siku ukivuta kifyatulio ukasikia mlio dhaifu kuliko kawaida, simama. Huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyengine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Usipotoka mlio wowote, endelea kuielekeza kwenye tuta, hesabu nusu dakika, ndipo ufungue.

Ukishapata jibu la polisi, niandikie kaliba na aina waliyoikubali. Hapo nitakwambia darubini gani inaifaa, au kama vilengeo vyake vya chuma vinakutosha.