CV yangu imevurugwa steshenari

Anko, niliandika CV nyumbani kwa programu ya LibreOffice. Steshenari wakaifungua kwa Word: jedwali limehama, ukurasa mmoja umekuwa miwili, na karatasi nimelipia. Kosa la nani?
Msomaji, Morogoro

Pole, mwanangu. Faili za .odt, ambazo LibreOffice huhifadhi, zinafuata kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, na Word ilianza kuzifungua 2009. Ila kufungua ni jambo moja, kupanga vilevile ni jingine. Mchawi mara nyingi ni fonti, yaani muundo wa herufi: kompyuta ya pale haina uliyotumia, ikaweka nyingine pana zaidi, mistari ikasukumana. Mimi iliwahi kunitupia jina la bibi harusi ukurasa wa pili wa mwaliko! Ya kuprinti peleka PDF, ambayo hushikilia mpangilio ulivyouacha; .odt baki nayo ya kurekebishia.