Ukikutana na "pile", usikimbilie rundo

Msomaji mmoja ameuliza: taarifa ya ujenzi iliyotafsiriwa inasema ghorofa "limesimama juu ya marundo". Marundo ya nini? Chanzo ni neno pile la Kiingereza. Watafsiri wengi hulidhani neno moja, kumbe ni maneno manne yaliyogongana tahajia tu.

Rundo la nguo, la vitabu, la mchanga: hilo linajulikana. Pile ya maana hiyo ilitoka kwenye Kilatini pila, nguzo, ikapitia Kifaransa cha kale. Pile ya wajenzi si ndugu yake. Hiyo asili yake ni pilum, mkuki wa askari wa Kirumi, na Waingereza wa kale wakaita hivyo kigingi kilichochongoka. Leo ni nguzo ya mbao, chuma au zege inayopigiliwa ardhini, au kumwagwa kwenye shimo refu, ili uzito wa jengo ushuke hadi kwenye udongo mgumu au mwamba. Andika "nguzo za msingi". Ukiona kitenzi drive (kupigilia) jirani yake, shaka imekwisha.

Kwenye zulia au mahameli, pile ni nyuzi zilizosimama, kutoka pilus, unywele. Kwa hiyo pile ya milimita 12 hapo ni urefu wa nyuzi, wala si unene wa zulia zima. Ukikosea, mteja atanunua kitu kingine. Na piles, kwa wingi, kwenye karatasi ya daktari ni bawasiri, kutoka pila nyingine yenye maana ya mpira. Hapa kubahatisha ni kumkosea mgonjwa.

Sayansi nayo ina mtego. Mwaka 1800 mwanasayansi Mwitalia Alessandro Volta alipanga visahani vya zinki na fedha kwa kupokezana, kati yake akaweka kadibodi iliyolowa maji ya chumvi. Mpango ule wa kupandanisha ndio uliompa Mfaransa jina la betri ya tochi, pile, hadi leo. Mwanafizikia Enrico Fermi naye, Chicago, tarehe 2 Desemba 1942, aliwasha rundo la matofali ya grafiti yenye urani ndani, nalo likaitwa pile. Kwa msomaji wetu hicho ni kinu cha nyuklia.

Fungua kamusi inayotenganisha vidahizo (maneno yanayofafanuliwa) kwa namba, usome vyote, usiridhike na cha kwanza. Kisha tazama maneno ya jirani: piles of money ni fedha chungu nzima, na pile-up ya barabarani ni magari kugongana mfululizo.